Refusha Kabla ya Kujibu: Uhakiki wa Vifupisho vya Mtandaoni na Jinsi Tunavyovifundisha

Vifupisho ambavyo vijana huvitumia katika simu na intaneti hushughulikiwa darasani kwa njia mbili. Wapo walimu wanaovikemea kwamba vinaharibu lugha: anayeandika "cjui" badala ya "sijui" hukatwa alama, na mjadala huishia hapo. Wapo wengine wanaowapa wanafunzi orodha, kushoto kifupisho, kulia maana yake. Makala haya yanadai kwamba njia zote mbili zina kasoro moja. Hazimfundishi mwanafunzi kuusoma ujumbe, na asiyejua kuusoma ujumbe hawezi kujilinda dhidi ya aliyeuandika. Mifano yetu inatoka zaidi katika mazingira ya Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma, ambako lugha nne hukutana katika simu moja.

Je, vifupisho vinaharibu lugha?

Ufupisho si mgeni katika Kiswahili. Tunaandika "n.k.", "k.m.", "taz." na "S.L.P." bila kuona haya. UKIMWI ni kifupisho kilichogeuka kuwa neno kamili. Hata "OMG", inayodhaniwa kuwa mtoto wa intaneti, iliandikwa mwaka 1917 katika barua ya Lord Fisher kwa Winston Churchill. Kilichoongeza kasi ni ujumbe mfupi wa simu. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kila ujumbe ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu. Aliyezidisha alilipia zaidi. Kwa lugha yenye vitenzi virefu kama yetu, kubana maneno kulikuwa hesabu ya pesa kabla ya kuwa mtindo.

Tena kubana huko kuna kanuni. Herufi "c" husomwa kwa jina lake la Kiingereza, ndipo tunapata "cjui" na "cna". Tarakimu 2 nayo husomwa hivyo hivyo, tukapata "m2", "wa2" na "2taonana". Herufi "x" hushika nafasi ya "s", kama katika "xaxa". Pengine irabu hudondoshwa na konsonanti zikabaki: "hbr", "kbs". Mwanafunzi anayeandika hivi anazisikia silabi za Kiswahili vizuri sana. Ni kweli kwamba insha na barua rasmi si mahali pa "xaxa". Lakini hilo ni somo la rejista, yaani lugha ipi itumike wapi, wala si ushahidi kwamba mwanafunzi hajui lugha.

Kasoro ya orodha

Orodha inafaa pale ambapo kifupisho kimoja kina maana moja. Gisenyi haiko hivyo. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kiswahili husikika sokoni na mpakani, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Kifaransa kilitangulia shuleni na bado kinatumika Goma. Kiingereza kiliamuliwa kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008. Basi mwanafunzi akipokea "2m1", tarakimu ile ile aliyoizoea kama "tu" sasa inasomwa kwa Kifaransa, na neno lote ni "demain", yaani kesho. Anayecheka kwa Kiingereza huandika "lol", anayecheka kwa Kifaransa huandika "mdr". Hata wenye lugha yao hupotea: mwaka 2012, mbele ya tume ya Leveson huko Uingereza, ilielezwa kwamba Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa "LOL" akidhani ni salamu za upendo mwingi, kumbe ni kicheko.

Lipo jambo jingine ambalo orodha haiwezi kulionyesha: kifupisho huficha asili ya mwandishi. Mtu wa Goma husema "mutu", Kiswahili sanifu husema "mtu". Wote wawili wakiandika "m2", tofauti imefutika. Ujumbe ulioandikwa kwa ukamilifu huwa na alama za mahali, umri na malezi ya mwandishi. Ukibanwa, alama hizo hupungua, na mgeni huweza kuvaa sauti ya rafiki yako bila taabu kubwa.

Swali zito katika herufi tatu

Tuchukue "ASL", iliyoenea katika vyumba vya mazungumzo vya intaneti. Ni herufi tatu tu, na anayeulizwa hujibu haraka kwa tarakimu na maneno mawili. Tuirefushe: "Una umri gani, wewe ni mvulana au msichana, na unaishi wapi?" Msichana wa miaka kumi na minne akiulizwa hivyo na mtu asiyemjua, pale kwenye kivuko cha Petite Barrière, atamwuliza kwanza yeye ni nani, au ataondoka. Kwenye simu hujibu, kwa kuwa ufupisho umeliondolea swali uzito wake. Hapa ndipo hatari ilipo. Maana ya "ASL" huenda anaijua. Asichokipima ni ukubwa wa kile anachoombwa.

Mfano wa pili hauna hata kifupisho cha herufi. Ni ujumbe wa kitapeli unaojulikana sana Tanzania: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Tuuhakiki kama tunavyohakiki matini yoyote. Hauna salamu wala jina. Kiashiria "ile" hurejelea kitu ambacho wazungumzaji wote wawili wanakifahamu, kana kwamba mazungumzo yalianza jana. Tapeli huutuma kwa watu wengi, naye anajua kwamba miongoni mwao hakosi mmoja aliyekuwa karibu kutuma kodi ya nyumba au ada ya shule. Mpokeaji mwenyewe ndiye anayeijaza "ile" kwa pesa yake. Anayefahamu kazi ya kirejelei ataona mara moja kwamba kinachorejelewa hakipo.

Mapendekezo

Kwanza, tufundishe kurefusha. Mwanafunzi auandike upya ujumbe kwa Kiswahili kamili, kisha ajibu maswali matatu: Nani anasema? Anajuaje habari zangu? Anataka nitoe nini: pesa, picha, mahali nilipo, au namba ya siri? Mtu akiandika "nitumie zile namba 6 zimekuja kwako kimakosa", kurefusha kunafichua maana yake: "Nipe ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp."

Pili, ombi lolote la pesa au siri lithibitishwe kwa sauti, kwa kupiga namba unayoijua tangu zamani, wala si ile iliyoleta ujumbe. Maandishi huigwa kwa urahisi.

Tatu, wanafunzi wajue kwamba sheria ipo. Nchini Rwanda ni sheria Na. 60/2018 ya tarehe 22/8/2018 kuhusu kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao, na malalamiko hupelekwa kwa wapelelezi wa RIB. Ujumbe wa vitisho usifutwe kabla ya kuonyeshwa, kwa kuwa ndio ushahidi.

Nne, na hili linatuhusu sisi walimu zaidi ya wanafunzi, tuache kuwaaibisha. Mwanafunzi aliyechekwa mbele ya wenzake kwa sababu ya "xaxa" hatamletea mwalimu wa Kiswahili ujumbe wa mtu anayemtishia kuzisambaza picha zake. Atajua tutaanza na tahajia. Atanyamaza, na kimya hicho ndicho anachokihitaji mwenye kumtishia.

Somo la lugha haliwezi kumzuia tapeli asiandike. Linaweza kumpa mwanafunzi mazoea ya kusita kidogo, kuusoma ujumbe mzima, na kuwa na mtu mzima wa kumwonyesha. Tuanze wiki hii: kila darasa lilete ujumbe mitano waliopokea, bila majina ya wenyewe, tuirefushe pamoja ubaoni.