Saikolojia Changanuzi: Tusikilize Kabla ya Kubandika Majina

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kusoma jibu la aina hii: ‘Rosa ni kahaba kwa sababu anaongozwa na idi. Supa-ego yake ni dhaifu.’ Aliyeliandika hudhani amekwisha kuhakiki. Je, amehakiki nini? Amebandika majina tu, na juu ya hayo amemhukumu msichana. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba saikolojia changanuzi, kabla ya kuwa orodha ya istilahi, ilikuwa namna ya kusikiliza.

Tuanzie Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka wa 1889 daktari Sigmund Freud alikuwa akimtibu mwanamke ambaye katika maandishi yake alimpa jina la Emmy von N. Freud alizoea kumkatiza kwa maswali: hili latoka wapi, na lile je? Mgonjwa akamkemea, akamtaka aache kuulizauliza na amwache aseme aliyokuwa nayo. Kisa hicho kimo katika kitabu ambacho Freud alikichapisha pamoja na Josef Breuer mwaka wa 1895. Hatimaye Freud aliacha kuwalaza wagonjwa usingizi wa hipnosia, akabakia na kanuni moja: mgonjwa alale kwenye kochi, aseme kila linalomjia akilini, liwe la aibu au la kipuuzi.

Kwa nini? Kwa sababu ung’amuzibwete, yaani ile sehemu ya akili ambayo mwenyewe haitambui, haujitokezi ukiitwa. Hupitia njia za panya: katika ndoto, ulimi unapoteleza, jambo linaporudiwarudiwa, na hasa pale msemaji anaponyamaza ghafla. Kimya hicho Freud alikiona kuwa ukinzani; penye kizuizi ndipo palipofichwa kitu. Aidha, mgonjwa humhamishia mtabibu hisia alizokuwa nazo kwa baba au mama, na ya kale yakajirudia mle chumbani. Ule utatu wa idi, ego na supa-ego ulikuja baadaye, mwaka wa 1923.

Sasa tumrejelee Rosa katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971). Zakaria anampiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya Charles. Akiwa shuleni, mbali na babake, Rosa kwanza anawaogopa wanaume. Baadaye anawaendea bila kujizuia. Mhakiki wa majina huona Rosa wawili, mwema kisha mwovu. Mhakiki msikilizaji huuliza: je, woga ule na papara hii si matawi ya shina moja? Tamaa iliyokandamizwa kwa kipigo haikufa. Ilizikwa ingali hai. Hasira dhidi ya baba nayo haikupata pa kutokea. Kwa mtazamo huu, kipigo cha Zakaria kinaendelea hata pale ambapo Zakaria mwenyewe hayupo.

Hata hivyo, tuchukue tahadhari tatu. Kwanza, mgonjwa wa Freud aliweza kuikataa tafsiri ya mtabibu; Rosa hawezi. Hana utotoni zaidi ya kurasa alizopewa. Kwa hivyo shahidi wetu ni matini, na kila dai sharti liwe na dondoo lake. Pili, tusimlaze mwandishi mwenyewe kwenye kochi. Tunachohakiki ni riwaya, si maradhi ya Kezilahabi. Tatu, tusiifungie jamii nzima ndani ya kichwa cha msichana mmoja. Ulevi wa baba, umaskini wa nyumba na desturi ya kumlaumu binti peke yake ni mambo ya nje, nayo yahitaji kuelezwa kwa jina lake.

Basi, mtahiniwa, kabla hujaandika neno ‘idi’, jiulize: mhusika huyu anarudia nini? Ananyamaza wapi? Anaota nini? Vitendo vyake vinapingana na kauli zake mahali gani? Ukiyajibu haya kwa ushahidi, huenda usiihitaji hata istilahi moja. Nawe mwalimu, kumbuka kwamba darasani mwako huenda ameketi msichana ambaye naye amepigwa kwa sababu ya barua. Anasikiliza jinsi tunavyomhukumu Rosa.