Uzio Usioonekana Pichani

Mbweni, katika Wilaya ya Kinondoni, iko kwenye ufuo wa kaskazini wa jiji la Dar es Salaam. Wavuvi bado wanaingia baharini, lakini penye minazi sasa pamesimama nyumba kubwa zilizozungushiwa kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme. Si ajabu kuingia katika ukumbi wa nyumba kama hizo ukamkuta chui ukutani: amejilaza juu ya tawi, mkia unaning'inia, macho yamemkabili mgeni. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aonekanaye kuwa hana uzio. Huenda mambo ni kinyume. Mwenye nyumba hutoka apendapo, na chui yule pengine alizaliwa na kufa ndani ya wavu, Berlin au London. Picha yenyewe haisemi, na ukimya huo ndio unaostahili kuhakikiwa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha ya chui wa bustani ya wanyama nayo imeundwa, na fani yake inajulikana. Mpiga picha huisogeza lenzi karibu kabisa na wavu, hulifungua tundu la lenzi kwa upana wake wote, kisha humsubiri mnyama aende nyuma, mbali na nyaya. Hapo waya hufifia kama ukungu na hatimaye hauonekani. Palipo na kioo, mpiga picha huvaa nguo nyeusi na kuigusisha kamera kwenye kioo ili asijipige picha mwenyewe. Sakafu ya saruji huachwa nje ya fremu. Kinachobaki ni uso, masharubu na jani moja la kijani. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja iliyo ya uongo, lakini jumla yake ni uongo. Macho hayana pazia, bali picha inalo, na mwenye kulivuta ni mpiga picha.

Hata hivyo mtazamaji makini huipata siri. Mwili ulionenepa kwa chakula cha kuletewa, ardhi iliyochakaa kwa mwendo wa kwenda na kurudi katika njia ileile, na mtazamo wa mnyama aliyezoea watu: hizo ni alama ambazo lenzi haizifuti kwa urahisi.

Wapo wadhanio kwamba dawa ni kwenda porini. Lakini pori nalo lina uzio wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings aliwapiga picha wanyama wa usiku katika nyika za upande wa Kilimanjaro, kwa mwako wa unga wa magnesi. Mwaka 1905 alichapisha kitabu alichokiita Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwako na kwa bunduki. Alifunga wanyama wa chambo mbele ya kamera zake ili wala nyama waje. Ni ukatili, na haufai kupambwa. Lakini jina la kitabu lina unyofu ambao picha nyingi za baadaye zimeukosa: bunduki imetajwa pamoja na kamera, wala haikufichwa nyuma yake. Leo, katika bonde la Seronera huko Serengeti, chui apumzikaye juu ya mti hutazamwa na magari yaliyojipanga chini yake, na picha zinazotoka pale huonyesha upweke mtupu. Upweke huo ni wa fremu, si wa chui.

Kamera ya kutega ndiyo iliyoleta mtazamo mwingine. Hufungwa penye njia ya mnyama, nayo hujipiga yenyewe pale joto na mwendo wa mwili vinapoiamsha. Watafiti hufunga mbili zinazokabiliana, kwa kuwa madoa ya ubavu wa kulia wa chui hayafanani na ya ubavu wa kushoto, na aliyepigwa upande mmoja tu anaweza kuhesabiwa kuwa chui wawili. Kwa njia hiyo Mwingereza Will Burrard-Lucas alimpata chui mweusi huko Laikipia, Kenya, katika picha zilizotangazwa Februari 2019. Ubora wa kazi yake ni kwamba aliuacha usiku uwe usiku: mwili mweusi unaungana na giza, na jicho la mtazamaji linalazimika kumtafuta mnyama kama ambavyo lingemtafuta msituni.

Mzozo uliofuata una somo kuliko sifa. Vyombo vya habari vya nje vilitangaza kwamba hiyo ilikuwa picha ya kwanza Afrika kwa miaka mia. Wakenya walikasirika, wakaonyesha picha ya chui mweusi iliyopigwa Laikipia mwaka 2013 na mpiga picha wa gazeti la Daily Nation. Baadaye ikaelezwa kwamba chui wa 2013 alikuwa wa kufugwa. Wakenya walikuwa na haki ya kukasirika, maana wenyeji wa Laikipia walimjua chui mweusi kabla ya kamera yoyote. Lakini ushahidi walioushika ulikuwa na uzio usioonekana, na hoja yao njema ikadhoofika kwa ajili hiyo.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, mkabala na Mbweni ya Kinondoni, kipo kisiwa cha Unguja, chenye Mbweni yake na chui wake. Mwaka 1932 mwanasayansi Pocock alimweleza chui wa Unguja kuwa aina ya peke yake, mwenye umbo dogo kuliko wa bara. Kwa watu wa mashamba chui huyo hakuwa pambo: alikula mbuzi, na ilisadikiwa kuwa wako wachawi wamfugao na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni iliyojulikana kwa jina la kiongozi wake, Kitanzi, iliyowaandama wachawi na chui kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walimhesabu kuwa ametoweka. Wanavijiji waliendelea kusema wamemwona, na neno lao halikutosha. Aliyeonekana bila shida alikuwa yule wa makumbusho, aliyekaushwa na kujazwa. Yeye ndiye chui wa bustani aliyefikia ukamilifu: hatembei kabisa.

Mwaka 2018 kamera ya kutega ya watengenezaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani ilinasa usiku mnyama ambaye wao walimtangaza kuwa chui wa Unguja. Kipande hicho ni kifupi mno, na hakikumaliza ubishi. Walakini hapo ndipo thamani ya suala hili inapoonekana. Macho yaliyolelewa kwa chui wa ukumbini, aliye karibu, safi na mwenye kumkabili mgeni, hayana subira na kivuli kinachopita. Huutaka ukweli uwe mzuri kama uongo.

Basi picha ya chui isihukumiwe kwa ukali wa macho wala kwa mng'ao wa manyoya tu. Ihukumiwe pia kwa mstari ulioandikwa chini yake: wapi, wavuni au msituni, kwa chambo au bila chambo, kwa mkono au kwa mtego. Mstari huo hauigharimu sanaa chochote. Ukikosekana, gharama yake itawaangukia wengine, kwa maana siku kamera itakapomleta chui wa Unguja akiwa hai bila shaka yoyote, itawahitaji watazamaji ambao bado wanaweza kusadiki.