Vitabu vya kufaulu: mbegu nzuri, lakini udongo gani?



Siku hizi mtu akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho ku inivasite, kitu cha kwanza anapokea si kazi. Ni PDF. Mkubwa mmoja anamtumia ku WhatsApp « Père riche, père pauvre » ya Robert Kiyosaki, mwingine anamtumia Stephen Covey na tabia zake saba, wa tatu anamtumia Napoleon Hill. Na neno moja chini yake: « Soma hii, itabadilisha akili yako. »

Nilivisoma. Si kwa kuruka kurasa. Nilivisoma na daftari pembeni, sawa vile tulikuwa tunasoma somo la udongo mbele ya mitihani. Na ninasema waziwazi: ndani ya hivi vitabu kuko mbegu nzuri. Sikubaliani na wale wanasema ni upuuzi mtupu. Lakini kwetu ku agronomia, mtu akikuletea mbegu na kusifu mavuno yake, kuko maulizo matatu unamuuliza mbele ya kupanda. Ilijaribiwa ku udongo gani? Katika msimu gani? Na kiko wapi kitalu cha kulinganisha, kile ambacho hakikupandwa hiyo mbegu? Niliuliza hivi vitabu maulizo hayo matatu.

Tuanze na udongo, na kitabu ninachopenda kupita vyote: « L'homme le plus riche de Babylone » ya George Clason. Kilitoka 1926, na mwanzo vilikuwa vijitabu vidogo ambavyo benki na kampuni za bima za Marekani zilikuwa zinagawia watu. Shauri lake kubwa ni rahisi: kwa kila franga kumi unapata, weka moja pembeni mbele ya kulipa mtu mwingine yeyote. Shauri la kweli. Lakini jaribu kulifuata peke yako mu Bukavu. Mwezi wa kwanza unaweka. Mwezi wa pili mtoto wa dada analazwa hospitali. Mwezi wa tatu kuko matanga kwa jirani. Ile moja ya kumi inakwenda, kisha unafungua kitabu tena na kujiona mtu asiye na nidhamu.

Sasa angalieni mama zetu wa MUSO. Wako na sanduku la kijani, la akiba na mikopo. Pembeni yake kuko sanduku jekundu, la kusaidiana wakati wa ugonjwa na kifo. Clason anajua la kijani tu. Mama zetu walielewa ya kwamba kwetu huku la kijani halidumu kama jekundu haliko. Tena nidhamu yao haikai ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Iko ndani ya daftari, ndani ya faini ya kuchelewa, ndani ya macho ya wenzako siku ya kikao. Shauri ni lile lile la Babiloni. Wao walitengeneza udongo kwanza, njo maana mbegu iliota. Hiyo sehemu haiko ku PDF.

Msimu, sasa. Kitabu cha Covey kilitoka 1989, na kuko pahali ambapo mtu wa agronomia anapiga makofi. Anasema unaweza kudanganya shule kwa kusoma usiku mmoja mbele ya mtihani, lakini shamba haulidanganyi: usipopanda kwa wakati, haukimbizani na mavuno siku ya mwisho. Ni kweli kabisa, na ni shauri bora kwa sisi tuliozoea kuamka siku mbili mbele ya egzame.

Lakini mkulima wa Covey ni mtu wa namna gani? Ni mtu ambaye shamba ni lake, na ambaye anajua atakuwa hapo siku ya kuvuna. Ku Bushi, watu wengi wanalima shamba la bwasa: unalipa mwenye udongo kwa msimu au kwa mwaka, na haukubaliwi kupanda kitu cha kudumu. Migomba hapana, kahawa hapana. Mtu wa bwasa anapanda maharagi, juu yanatoka kwa karibu miezi mitatu. Akifanya hivyo, si kwamba hana maono ya mbali. Anajua sheria ya udongo alio nao. Ukimsomea sura ya kuanza na mwisho mu akili, atakuuliza: mwisho wa nani, wangu ao wa mwenye shamba?

Na sisi wenye diploma, wengi wetu tuko ku bwasa. Mkataba wa ONG wa miezi sita. Staji bila mshahara. Mwanzo wa 2025 benki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, na watu waliokuwa na akiba yao vizuri kabisa walishindwa kuigusa. Hakuna tabia ya asubuhi ambayo ingefungua ule mlango. Covey mwenyewe anatenganisha mambo unayoweza kugusa na yale yanayokusumbua tu, na anasema weka nguvu ku yale ya kwanza. Sawa. Ila ninaona vijana wanachukua nusu ya lile fundisho: wakikosa kazi, wanasema kosa ni akili yao, « mindset » yangu haiko sawa. Hapana, ndugu. Kama mvua haikunyesha, usimpige mkulima fimbo. Na usijipige weye mwenyewe.

Kitalu cha kulinganisha: hapa njo pahali vitabu vingi vinaanguka. Napoleon Hill, mu kitabu chake cha 1937, anasema alichunguza watu matajiri zaidi ya 500. Tuseme ni kweli. Wote walikuwa na hamu kubwa, imani, uvumilivu. Vizuri. Lakini wale waliokuwa na hamu ile ile, imani ile ile, na wakaanguka, aliwahesabu wapi? Ni sawa na kutembelea mashamba yaliyovuna peke yake, kisha kuandika ya kwamba mbegu haishindwi.

Kwetu tunajua hii hadithi. Maharagi ya kupanda juu yanazaa kupita yale mafupi, kama yako na mbolea na miti ya kuegemea. Uyachukue sasa, uyapeleke ku Walungu, ku udongo umechoka na wenye asidi, pahali miti imekwisha kukatwa. Yatatambaa chini na kuoza. Mbegu haikudanganya. Aliyekuletea njo hakukuambia habari ya miti.

Kiyosaki nimemwacha nyuma kwa kusudi, juu yeye njo anagusa mifuko yetu. Kitabu chake cha 1997 kiko na wazo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue: mali ni kile kinachoingiza feza mu mfuko, mzigo ni kile kinachotoa. Pikipiki ya kazi na simu ya bei kali si kitu kimoja, hata kama bei ni moja. Lakini kitabu kinafundisha pia kudharau mshahara na mtu wa diploma, na kwetu hiyo dharau imepata watu wa kuitumia. Kiyosaki alikuja kuandika kitabu kingine, mu 2010, cha kusifu biashara ya mitandao, ile ya kuleta watu ili nao walete watu. Kampuni yake moja, Rich Global LLC, iliomba kufilisika mu 2012, baada ya kushindwa mu kesi. Hiyo haifute wazo lake zuri, lakini inafaa ijulikane na wale wanaopandisha kile kitabu juu kama Biblia.

Nilikaa mu semina moja ya namna hiyo. Salle ya kukodi, mtu wa kravati, kitabu mkononi, na hesabu ku ubao: leta watu wawili tu, nao walete wawili. Fanyeni hesabu hadi mwisho. Hatua ya 20 peke yake inaomba watu wapya 1,048,576. Watatoka wapi, mu Bukavu hii? Rafiki wa promosyo yetu alilipa kiingilio na feza ya mbuzi wawili wa mama yake. Mbuzi wale walikuwa mali kamili, kwa maana ile ile ya Kiyosaki: walikuwa wanazaa.

Na ufundi wa kazi? Vitabu vinasaidia kidogo, na vinaomba kutafsiriwa mu desturi. Dale Carnegie, 1936, anashauri ukumbuke jina la mtu na umwite kwalo, juu hakuna sauti tamu kama ile. Nenda ku kijiji na hilo shauri, uite mzee wa watu kwa jina lake la kuzaliwa, na mkutano wako wa wakulima umeisha. Kwetu unasema Mushamuka, Baba Fulani, Mama Fulani. Jina tamu kwa mama si lake, ni la mtoto wake. Carnegie alikuwa na haki ku shina: onyesha mtu ya kwamba unamjua. Ila ku tawi, mwalimu wako atakuwa yule mama wa shamba, si kitabu. Na kukata matawi ya kahawa, kupima uwanja, kuandika bajeti ambayo mfadhili hairudishi, hivyo vyote vinajifunzwa pembeni ya mtu anayejua, na mikono michafu.

Kwa hiyo sisemi mfute zile PDF. Ninasema tuvifanyie vitabu kile tunafanyia mbegu mpya: jaribio ku kitalu kidogo. Chukua shauri moja, si kumi. Lipe mwezi moja ao miwili. Andika mu daftari ulichofanya na kilichotoka, hata kama ni sifuri. Fanya na mwenzako, mlinganishe. Na usilipe semina yoyote mbele ya kuona mavuno ya jaribio lako.

Tena kuko kazi moja ambayo hii page inaweza kufanya kupita vitabu vyote. Ushuhuda wa kufaulu tuko nao mingi. Tunakosa vile vitalu ambavyo havikuota. Basi aliyejaribu shauri la kitabu na likakataa, aandike hapa chini: shauri gani, pahali gani, muda gani, nini kilikosekana. Bila haya. Mdogo anayemaliza mwaka huu atapata pa kulinganisha mbele ya kuuza mbuzi wa mama.