Istilahi “Ukuta wa Seli”: Upungufu wa Fasili
Istilahi “ukuta wa seli” imekita mizizi katika Kiswahili. Udhaifu umo katika fasili yake ya mazoea, yaani tabaka gumu linaloikinga seli. Kwa fasili hiyo, mwanafunzi wa Gitega au Muyinga hawezi kueleza kwa nini mche wa mharagwe huinamia mwanga. Homoni ya oksini hukusanyika upande wa kivuli na kuchochea seli kuutia ukuta asidi. Vifungo kati ya nyuzi za selulosi hulegea, na shinikizo la maji hurefusha seli. Ukuta wa nyumba ukilegea huanguka. Huu hulegea ili mmea ukue. Waandaaji wa mitaala nchini Burundi waihifadhi istilahi, ila wairekebishe fasili: tabaka imara linaloweza kulegea na kutanuka.