Jinsi Bandari ilivyofika ya pili, na kilichoizuia kuwa ya kwanza

Msimu wa 2018 Bandari FC ya Mombasa ilimaliza Ligi Kuu ya Kenya ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata, wa 2018/19, ikawa ya pili tena, nyuma ya Gor hiyo hiyo. Januari 2019, ligi ikiendelea, ilikwenda Dar es Salaam kwa Kombe la SportPesa ikaing'oa Simba 2-1 katika nusu fainali, kisha ikalazwa 1-0 na Kariobangi Sharks kwenye fainali. Miezi michache baadaye ililipiza kwa Sharks hao hao katika fainali ya Ngao ya SportPesa, ikapata tiketi ya Kombe la Mashirikisho la Afrika, na huko ikasimama mlangoni mwa hatua ya makundi. Kwa timu iliyorudi Ligi Kuu mwaka wa 2013, na ambayo haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi, hakuna kipindi kinachokaribia hicho. Wanaoifuata kutoka Ziwa la Ng'ombe, Likoni na Changamwe mwaka nenda mwaka rudi wamesikia mara nyingi kikielezwa kuwa ni bahati iliyopita njia. Hoja yangu ni kwamba bahati haikuhusika sana. Palikuwa na mbinu, inaweza kuelezwa hatua kwa hatua, na hiyo hiyo ndiyo iliyoamua timu ingekwama wapi.

Mbinu yenyewe ilikuwa kutofungwa kwanza, mengine baadaye. Mahali pa kuiona waziwazi ni katika zile mechi za Afrika, kwa sababu huko kila bao lina bei yake. Agosti 2019 mkondo wa kwanza dhidi ya Al Ahly Shendi ya Sudan ulichezwa Kasarani, Nairobi, ukaisha sare tasa. Anayehesabu mabao ya kufunga pekee ataona timu imeshindwa kutumia nyumbani kwake. Lakini kanuni ya mashindano hayo ililipa bao la ugenini uzito wa ziada, kwa hiyo kwa kutofungwa nyumbani Bandari ilisafiri ikijua kwamba bao lake moja tu kule Sudan lingemtaka mwenyeji apate mawili. Mechi ya marudiano ikaisha 1-1, Bandari ikapita. Raundi iliyofuata ikaja US Ben Guerdane ya Tunisia: Kasarani, Bandari 2, wageni 0. Ugenini ikafungwa 2-1, lakini bao lile moja lilikuwa na maana kwamba Watunisia walihitaji manne, na mawili yakawa hayawafikishi popote. Mechi nne, dakika 360, wavu wa Bandari ulitikiswa mara tatu, zote ugenini. Yenyewe ilifunga manne tu na manne hayo yakatosha kuziondoa timu mbili kutoka kaskazini. Ikaja kutolewa na Horoya ya Guinea, timu iliyozoea mashindano hayo.

Ngome ya aina hiyo haijengwi kwa wiki mbili za maandalizi. Shabiki humwona kipa akiruka na beki akipiga mpira wa kichwa. Kazi yenyewe hufanyika kabla ya hapo. Krosi inapoingia ndani ya boksi, kuna nusu sekunde ya kuamua kama kipa anatoka au beki wa kati anabaki na mtu wake. Wakisita wote wawili ni bao, wakienda wote wawili ni bao pia. Beki wa pembeni akipanda kusaidia mashambulizi, kiungo mkabaji lazima awe ameshaanza kusogea kuziba pengo kabla mpira haujapotea, maana akingoja upotee amechelewa. Mambo haya kocha huyasema mara moja na wachezaji huyajua baada ya mechi thelathini pamoja. Katika misimu ile miwili ya ligi Farouk Shikalo langoni na nahodha Felly Mulumba mbele yake walikuwa na muda huo. Shikalo alifanya vizuri kiasi cha kuitwa katika kikosi cha Harambee Stars kilichokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika 2019. Mbele, timu ilihitaji watu wachache wanaoweza kugeuza nafasi moja kuwa bao, winga kama Abdalla Hassan na straika Mganda William Wadri, na haikuwadai waibebe timu nzima. Bernard Mwalala, aliyekabidhiwa benchi la ufundi mwaka wa 2018, alikuwa straika wa Yanga siku za kucheza kwake. Ni sifa kubwa kwake kwamba hakuivunja ngome aliyoikuta ili kuonyesha kuwa yeye ni mtu wa mabao.

Kilichowaweka wachezaji pamoja ni mshahara. Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Mizizi yake ni ya mwaka wa 1960, katika timu ya LASCO iliyokuwa ya kampuni ya kupakia na kupakua shehena, kabla ya kupitia jina la Cargo na kuja kuitwa Bandari. Katika ligi ambayo wachezaji wa timu kubwa hugoma kwa miezi ya malimbikizo, kulipwa kwa wakati ni silaha ya uwanjani kabisa. Beki asiyelipwa hutazama mlango wa kutokea. Anayelipwa husaini tena, na anaposaini tena ile nusu sekunde ya krosi inabaki mikononi mwa watu wale wale. Tazama kilichotokea baada ya SportPesa kuacha kudhamini ligi Agosti 2019. Kabla mwaka haujaisha SoNy Sugar, bingwa wa 2006, ilikuwa imefukuzwa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu, na hata Gor ikaanza kuhangaika na mishahara. Bandari iliendelea kupanda basi na kwenda kucheza.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu: basi siri yote ni pesa za shirika la umma, na uchambuzi uishie hapo. Haliwezi kuwa jibu kamili. Mwajiri alikuwa huyo huyo tangu timu iliporudi Ligi Kuu, na katika misimu hiyo ya mwanzo, ukiacha Ngao ya 2015, Bandari haikuwa tishio kwa ubingwa wa mtu yeyote. Msimamo wa shirika ulikuwa ule ule, matokeo yakabadilika. Lazima kuna kingine kilichobadilika. Naona kilichobadilika ni ubora wa benchi na uvumilivu wa kuacha kikosi kikomae. Paul Nkata, Mganda aliyeipa Tusker ubingwa wa 2016, alifika Mombasa mwaka uliofuata na kuacha nidhamu iliyoonekana hata alipokuwa ameondoka. Historia ya ligi nayo inaonya dhidi ya kuamini pesa za taasisi peke yake. Utalii walikuwa mabingwa 1997, Oserian ya shamba la maua ikashinda 2001 na 2002, na zote mbili leo ni majina ya kukumbukwa na wazee. Bandari yenyewe iliwahi kuvunjwa kabla ya kufufuliwa. Taasisi inaweza kulisha timu miaka kumi na kuifunga kwa barua moja. Kwa hiyo pesa hununua muda, na swali la kiufundi ni muda huo umetumiwaje.

Wengine husema ligi ilikuwa dhaifu, kwamba kuwa wa pili nyuma ya Gor siku hizo si jambo la kujivunia. Lakini Simba iliyofungwa Dar Januari 2019 ilikuwa katikati ya safari iliyoifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Inawezekana akili yake ilikuwa kwenye mashindano hayo makubwa zaidi, nakubali, lakini ilikuwa nyumbani, na Bandari ililinda uongozi wa 2-1 kwa namna ile ile iliyokuja kuonekana dhidi ya Waarabu wa kaskazini miezi minane baadaye. Matokeo ya aina moja, katika nchi tofauti, dhidi ya wapinzani wa mitindo tofauti, ndiyo ushahidi wa mbinu.

Sasa upande wa pili wa hoja, ambao mashabiki wa Bandari hatupendi kuukabili. Mbinu iliyowatosha katika mechi za mtoano haikuwatosha ligini, na sababu ni hesabu ya alama. Katika mtoano sare inaweza kukuvusha. Ligini sare ni kupoteza alama mbili, hata kama inahisi kama kuokoa moja. Mechi 34 zina alama 102. Tuseme timu haifungwi kabisa ila inatoka sare mara 14: itamaliza na alama 74 bila kupoteza mechi hata moja, na bado inaweza kupitwa na timu iliyofungwa mara tano ikatoka sare mara nne tu, maana hiyo ina 79. Timu inayoanza kila mechi kwa kujilinda hulipa gharama hiyo pale inapokutana na mpinzani wa chini anayefurahia 0-0 kuliko yenyewe. Dhidi ya Gor au Tusker, kungoja na kushambulia kwa kushtukiza ni busara, kwa sababu wao watakuja. Timu inayopigania kubaki ligini haiji. Inajaza watu kumi nyuma, na hapo unahitaji kiungo wa kufungua mlango, mpishi wa pasi ya mwisho. Hicho ndicho Bandari haikuwa nacho cha kutosha.

Msimu wa 2018/19 ulikuwa nafasi ambayo huenda isirudi upesi. Ligi ilianza Desemba na kumalizika mwishoni mwa Mei, raundi zote 34 zikabanwa katika miezi isiyofika sita. Gor ilikuwa imeachana na kocha Dylan Kerr kabla ya msimu kushika kasi, na ilicheza Kombe la Mashirikisho hadi robo fainali ilipotolewa na RS Berkane mwezi wa Aprili, huku mechi za ligi zikiilundikia. Kama kuna mwaka ambao timu ya Pwani ingeweza kulitwaa taji kwa mara ya kwanza tangu Feisal ya Mombasa ilipofanya hivyo 1965, ni huo. Kuna watakaosema kwamba kulaumu ulinzi kwa hilo ni dhuluma, kwa sababu bila ulinzi timu isingekuwa hapo hata kidogo. Ni kweli, na silaumu ulinzi. Nasema tu kwamba kutoka ya nane hadi ya pili ni kazi ya mabeki, na kutoka ya pili hadi ya kwanza ni kazi ya watu wengine ambao lazima wasajiliwe kabla hawajahitajika.

Suala la uwanja linahusika pia, na kwa njia ya kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Bandari huchezea Mbaraki, uwanja wa mwajiri wake, kwa sababu uwanja wa manispaa umekuwa katika ukarabati mwaka baada ya mwaka. Kutoka Ziwa la Ng'ombe mtu hupita Bombolulu na Kongowea, akavuka Daraja la Nyali, kisha akakikata kisiwa chote hadi upande wa pili. Anafika. Lakini Mbaraki haukuwa na hadhi ya mechi za Afrika, kwa hiyo zile za 2019 zilipelekwa Kasarani, karibu kilomita 480 kutoka Mombasa. Timu inayosubiri bao moja inahitaji umati wa kumsukuma mpinzani achoke katika dakika ishirini za mwisho. Bandari ilicheza mechi za nyumbani bila nyumbani, na nadhani ile sare tasa na Shendi ilikuwa sehemu ya malipo. Inafanya ushindi dhidi ya Ben Guerdane uwe mkubwa zaidi machoni pangu.

Mambo yalifumuka haraka. Shikalo alikwenda Yanga mwaka huo huo wa 2019. Matokeo ya ligi yakaharibika, na kabla mwaka haujaisha Mwalala naye alikuwa ameshaondoka. Makocha wakaja wakapishana, akiwemo Mnyarwanda Casa Mbungo, na timu ikawa ya juu mwaka huu, ya katikati mwaka unaofuata. Huwezi kumzuia kipa wa Kenya asiende Yanga. Ni mshahara mkubwa zaidi na jukwaa kubwa zaidi, na aliyestahili alikwenda. Kosa haliko katika kumwachilia. Liko katika kuacha siku ya kuondoka kwake ndiyo iwe siku ya kuanza kumtafuta mwingine. Klabu ya kati inayofanikiwa huuza, hiyo ni kanuni kote duniani, na zinazodumu ni zile ambazo mrithi huwa ameshacheza mechi kumi kabla mwenyewe hajafunga mizigo. Pwani ina vijana hao. Kisauni na Likoni vinawazaa kila mwaka katika viwanja vya mchanga, na wengi huchukuliwa na timu za Nairobi kabla Mbaraki haijawajua majina.

Kwa hiyo dirisha la usajili linapofunguliwa, shabiki wa kweli asishughulike sana na straika gani wa kigeni ametua. Aulize kandarasi za kipa na mabeki wanne zinaisha lini, nani amekaa benchi nyuma ya kila mmoja wao, na kiungo wa kufungua timu zinazojifungia ni nani. Uongozi wenye majibu ya maswali hayo mezani mwezi wa Juni ndio unaojua kwa nini 2018 ilitokea.