Namna ya Kulikagua Jaribio la Tabia

Ukiambiwa utafiti umethibitisha jambo fulani kuhusu tabia za watu, usikimbilie matokeo. Uliza kwanza: nani aliamua huyu apate na yule akose? Hapo ndipo ustadi wa mtafiti unapoonekana, na Unguja ina mifano mizuri ya kujifunzia.

Ninaouheshimu zaidi ni ule wa simu kwa wajawazito, wa mwaka 2009 na 2010. Stine Lund na wenzake walivigawa vituo 24 vya afya kwa bahati nasibu. Wajawazito wa upande mmoja walipata meseji na vocha ya kumpigia mhudumu; wa upande wa pili waliendelea na huduma ya kawaida. Kwa nini wavigawe vituo, wasiwagawe akina mama wenyewe? Kwa sababu wanaosubiri kliniki kwenye benchi moja huzungumza, na ushauri aliotumiwa mmoja ungemfikia jirani yake. Uamuzi huo ni wa busara, lakini una gharama: wanawake walikuwa 2,550, kura zilikuwa 24 tu. Mkaguzi mzuri hutazama namba hiyo ya pili.

Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, dhidi ya 47 kwa wenzao. Usiishie hapo. Faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Na huko mjini kwenyewe uwiano wa uwezekano (odds ratio) kati ya pande mbili ulikuwa 5.73, wenye wigo wa uhakika wa 1.51 hadi 21.81. Yaani athari ipo, ila ukubwa wake bado una utata. Mimi humwamini zaidi mtafiti anayeuweka wigo kama huo wazi. Tena meseji haifichiki: mama anajua kwamba anakumbukwa, na huwezi kujua kama kilichomsukuma ni maneno yenyewe au kule kukumbukwa.

Jaribio la mchezo uliodhibitiwa hukwepa baadhi ya vurugu hizo. Nje ya Unguja, mwaka 2009 watafiti Gneezy, Leonard na List walichapisha lao, ambamo Wamasai wa Tanzania na Wakhasi wa India walirusha mpira wa tenisi ndani ya ndoo, kila mtu akichagua kulipwa kwa kushindana au bila kushindana. Kwa Wamasai wanaume ndio waliopenda zaidi kushindana. Kwa Wakhasi, wanawake. Kazi ni moja, masharti ni mamoja, kwa hiyo ulinganisho ni safi. Lakini ndoo si soko la Darajani la Unguja, wala jamii mbili hazitoshi kueleza chanzo cha tofauti.

Halafu kuna jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme. Alfredo Burlando alichambua kumbukumbu za uzazi akakuta watoto waliongezeka miezi minane hadi kumi baadaye katika vijiji vyenye umeme. Visivyo na umeme havikubadilika. Hakuna kamati ambayo ingeruhusu kisiwa kikatiwe umeme kwa ajili ya utafiti, na hakuna aliyebadili mwenendo kwa kujua anatazamwa. Udhaifu wake ni kwamba kiza kilikuja pamoja na kazi kusimama na kipato kupungua, na vijiji vyenye umeme vilikuwa tofauti na vingine tangu awali. Ndiyo maana ulinganisho wa kabla na baada, kijiji kwa kijiji, ndio ukurasa wa kwanza ninaoutafuta katika utafiti wa aina hii.