Kumbukumbu Imepata Nyumba

Hapa Kibumba, alfajiri chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, huteremka kuelekea Goma zikiwa zimesheheni kabichi na viazi, kando ya mawe meusi ya volkeno. Ardhi hii ilibeba kambi ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994, kisha mapigano ya jeshi na waasi wa M23 ya Oktoba 2013. Kumbukumbu kama hizi zinahitaji pa kutunzwa; ndiyo maana naipongeza kwa dhati serikali yetu, pamoja na Korea ya Kusini: mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Kinshasa, na baadhi ya hazina zilizohifadhiwa kwenye Mlima Ngaliema jijini humo zikapata makao mapya. Hongera zaidi wahifadhi, mnaoinua kinyago kwa mikono miwili kama kitoto kichanga. Historia ya vita vyetu nayo ijengewe nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari.